Nukta, Ncha au Kitovu: Istilahi ya Kiswahili kwa Mahali Inapofanyia Kazi Zana ya Roboti

Utangulizi

Fundi wa kuchomelea vyuma anapoinamia kazi yake hajiulizi kiganja chake kiko wapi. Macho yake yako pale waya unapoyeyukia katika chuma, na mkono hulifuata jicho bila ya kuamriwa. Mkono wa roboti ya kiwandani hauna jicho hilo wala mazoea hayo. Hujua kwa uhakika mkubwa pembe ya kila kiungo chake, na kutokana na pembe hizo hujua pale unapokomea. Lakini zana iliyofungwa mbele ya hapo hauijui mpaka uambiwe. Kuna mahali pamoja, katika zana hiyo au mbele yake, ambapo hesabu zote za mwendo hufanywa kana kwamba ndipo roboti yenyewe ilipo. Mhadhara huu unahusu jina la mahali hapo kwa Kiswahili.

Huenda jambo hili likaonekana dogo mno kwa mhadhara wa taaluma za Kiswahili. Istilahi za biolojia, fizikia na kemia zimekwisha kuwekewa kamusi na TUKI tangu mwaka 1990. Istilahi za kompyuta nazo zimejadiliwa hadi kuchosha, na bado wako wanaosema kompyuta, wanaosema tarakilishi na wachache wanaosema ngamizi, na kazi zinaendelea. Tofauti ni kwamba jina baya la kompyuta halimpotezi mtumiaji, kwa kuwa kila mmoja anakiona kitu chenyewe mezani. Mahali panapozungumziwa hapa hapaonekani. Mara nyingi pako hewani. Mwanafunzi hana kitu cha kukitazama ila neno, na neno likimwelekeza penginepo, ataiandikia mashine tarakimu za mahali pengine.

Dhana na chimbuko lake

Neno roboti lilienea kutokana na tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920 na kuchezwa jijini Prague mwaka 1921. Shina lake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Roboti ya kwanza kuajiriwa kiwandani ni Unimate, iliyotokana na uvumbuzi wa George Devol na juhudi za Joseph Engelberger, nayo iliwekwa katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani, mwaka 1961. Kazi yake ilikuwa kutoa vipande vya chuma vya moto katika mashine ya kusubu. Mashine ile ilikariri tu. Ilionyeshwa mikao ya viungo vyake, ikaikumbuka, ikairudia. Katika utaratibu wa namna hiyo hakuna haja ya kuijulisha roboti urefu wa zana yake, kama vile kasuku asivyohitaji sarufi.

Haja ilizuka pale kompyuta zilipoanza kuuongoza mkono, hasa kuanzia miaka ya 1970, na ikawezekana kuuamuru uende kwa mstari ulionyooka kutoka mahali hadi mahali. Amri hiyo ina swali ndani yake: ni nini hasa katika mkono kinachotakiwa kwenda kwa mstari ulionyooka? Si kiwiko, kwa maana kiwiko lazima kipinde ili sehemu nyingine inyooke. Si hata kifundo. Ni pale kazi inapofanyika, na mkono mzima, viungo vyake vyote sita, hujipinda kadiri itakavyobidi ili pale pasiyumbe.

Mtengenezaji wa roboti hawezi kupajua mahali hapo. Yeye hukomea kwenye kisahani cha chuma chenye matundu ya parafujo kilicho mwisho wa kifundo cha mkono, ambacho humu kitaitwa bamba la kifundo. Huyu atakifungia bunduki ya kuchomelea, yule kishikio cha kuinulia maboksi, mwingine bomba la gundi. Kwa hiyo mwenye kutumia roboti ndiye anayepaswa kuieleza, kwa tarakimu, nukta ya kazi iko umbali gani kutoka katikati ya bamba, kwa mihimili mitatu, na zana imeelekea wapi. Asipoeleza, roboti nyingi huchukulia kwamba nukta hiyo iko katikati ya bamba lenyewe.

Kuhusu mwelekeo, makampuni hayakubaliani. Katika roboti za KUKA mwelekeo huandikwa kwa pembe tatu zinazoitwa A, B na C. Katika za FANUC kwa pembe tatu zinazoitwa W, P na R. Katika za ABB kwa namba nne za mfumo alioubuni William Rowan Hamilton mwaka 1843. Jambo ni lile lile kwa lahaja tatu, na mtaalamu wa lahaja hatashangaa kusikia kwamba mafundi wa kila upande huiona ya kwao kuwa ndiyo ya asili.

Jinsi nukta inavyotafutwa

Utaratibu wenyewe unastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake ndimo istilahi zinamojitenga zenyewe. Juu ya meza, ndani ya eneo ambalo mkono unafika, husimamishwa msumari wenye ncha kali. Msumari huo haupaswi kusogea hata kidogo. Fundi huiongoza roboti polepole kwa kidhibiti cha mkononi mpaka ncha ya zana iguse, au ikaribie kugusa, ncha ya msumari, kisha huuhifadhi mkao huo. Halafu huiondoa, huuzungusha mkono, huirudisha kwenye ncha ile ile kutoka upande mwingine, na kuhifadhi tena. Kwa kawaida hufanya hivyo mara nne.

Katika mikao hiyo yote bamba la kifundo limekuwa mahali tofauti, na roboti inapajua kila mahali. Kitu kimoja tu hakikubadilika: ncha ya zana ilikuwa pale pale. Ni mfano wa bikari iliyogeuzwa juu chini. Katika bikari sindano hutuama na kalamu huchora duara. Hapa kalamu, yaani bamba, imeonekana mahali panne, na kompyuta inatakiwa kuikisia sindano ilipo. Mikao miwili haitoshi, kwa kuwa kila mzunguko mmoja una mhimili wake, na nukta yoyote iliyotelezeshwa kufuata mhimili huo itatoa jibu sawa. Mkao wa tatu, ukizungushwa kwa mhimili usio sambamba na wa kwanza, huondoa utata. Wa nne huongezwa ili makosa ya jicho na mkono wa fundi yafidiane, na ili mashine iweze kutaja kiasi cha kutokubaliana kwa mikao. Fundi mvivu hukaribia msumari mara nne kutoka karibu upande mmoja. Hesabu hukubali, jibu hutoka, na jibu hilo halifai kitu.

Hayo ni ya mahali tu. Mwelekeo hutafutwa baadaye, aghalabu kwa kuonyesha nukta mbili zaidi: moja katika mstari ambao zana imeuelekea, nyingine upande wake. Mtu akitaka kupima kama kazi yake ni njema, hurudi kwenye msumari na kuiamuru roboti ijizungushe bila kuihamisha nukta. Bamba na kifundo hutembea kama pia, na ncha ya zana hutakiwa kutulia juu ya msumari. Ikitangatanga, kazi irudiwe.

Kwa nini mambo haya hayana mzaha? Tuseme nukta imeandikwa milimita 2 kando ya pale ilipo kweli. Roboti ikigeuza zana kwa nyuzi 30, zana itapotoka kwa karibu milimita 1. Ikigeuza kwa nyuzi 90, kwa karibu milimita 2.8; ikigeuza kwa nyuzi 180, kwa milimita 4. Waya wa kuchomelea wenyewe mara nyingi una unene wa milimita 1 hivi, na kwa hiyo mshono utakuwa umeukosa ukingo wa bati. Kosa la mwelekeo nalo hukua kwa urefu: nyuzi 1 tu, kwenye umbali wa milimita 200, ni karibu milimita 3.5. Na kwa kuwa roboti nzuri hurudia mkao wake kwa usahihi ulio chini ya sehemu ya kumi ya milimita, italirudia kosa hilo kwa uaminifu mkamilifu mchana na usiku.

Kuna ubaya zaidi, nao ni kwamba kosa hujificha. Fundi anayefundisha programu kwa jicho huisogeza zana mpaka aridhike, kisha huhifadhi. Nukta ikiwa imeandikwa vibaya, roboti huhifadhi mahali pasipo pa kweli. Lakini inaporudi hutumia tarakimu zile zile mbovu kwenda mahali pale pale pa uongo, na makosa mawili hufutana. Kila nukta iliyofundishwa itafikiwa sawasawa. Upotofu hutokea kati ya nukta na nukta, zana inapogeuka huku ikienda, au siku kipande kinapohamishwa na programu nzima kuzungushwa pamoja nacho. Siku hiyo mtu akigundua kosa na kuandika tarakimu sahihi, nukta zote zilizofundishwa kwa jicho, pengine mamia, huharibika kwa mkupuo mmoja.

Suala la usalama halina budi kutajwa pia. Viwango vya ISO 10218 huitaka roboti inayoongozwa kwa mkono katika hali ya mwendo mdogo isizidi milimita 250 kwa sekunde, na kasi hiyo huhesabiwa kwenye nukta inayozungumziwa. Ikiwa nukta imeachwa katikati ya bamba, na zana ina urefu wa milimita 600, kifundo kikijizungusha kwa nyuzi 30 kwa sekunde nukta hiyo haitakuwa imesogea hata kidogo, ilhali mwisho wa zana utakuwa unakwenda zaidi ya milimita 310 kwa sekunde, karibu na uso wa mtu aliyeinama kutazama. Baadhi ya mashine huwekewa mipaka mingine ya ziada, lakini si jambo la kutegemewa na mwalimu anayewapanga wanafunzi wake kuizunguka meza.

Majina yanayoshindana

Jina la Kiingereza, likitafsiriwa neno kwa neno, ni nukta ya katikati ya zana. Hapo ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu nukta hiyo haiko katikati ya zana. Kiwango cha kimataifa ISO 8373, ambacho ni cha msamiati wa roboti, huieleza kuwa ni nukta inayobainishwa kwa ajili ya matumizi fulani kwa kurejelea bamba la kifundo. Katika maelezo hayo hakuna katikati wala ncha, kuna matumizi. Kifupisho chenyewe, TCP, hakina nafuu, kwani herufi hizo hizo ni jina la kanuni ya mawasiliano ya intaneti, na roboti za siku hizi hutumia zote mbili katika kisanduku kimoja.

Pendekezo linalomjia haraka mfasiri ni kitovu cha zana. Lina mvuto, maana kitovu kimezoeleka katika jiometria na hata katika lugha ya magazeti. Lakini roboti inapotambulishwa zana hupewa mambo mengine pamoja na nukta hiyo, yaani uzito wa zana na mahali uzito huo unapotulizana, ili mota zijue zimebeba nini. Mahali hapo fizikia ya Kiswahili imekwisha kupaita kitovu cha graviti. Kwa hiyo mwanafunzi atakuta katika ukurasa mmoja wa mashine vitovu viwili vya zana ile ile, kila kimoja na tarakimu zake tatu. Kitovu cha graviti cha bunduki ya kuchomelea kiko ndani ya mwili wake. Nukta ya kazi iko nje, mbali. Kuzibadilisha tarakimu hizo ni kosa rahisi, na jina lingekuwa limemsukuma mwanafunzi kulifanya. Kitovu hakifai, na hapa hakuna haja ya kutafuta maneno ya upole.

Ncha ya zana ina hoja nzuri zaidi. Ni fupi, inaeleweka na kila seremala, na katika zoezi la msumari ni ncha kweli. Hata hivyo zana nyingi hazina ncha. Nukta ya kishikio cha vidole viwili iko katikati ya vidole, penye hewa tupu ambamo kitu kitashikwa. Nukta ya bomba la kunyunyizia rangi huwekwa mbali mbele ya tundu, pale ambapo rangi itakuta bati. Nukta ya bunduki ya kuchomelea haiko kwenye mdomo wa shaba, bali mwisho wa waya uliochomoza, tuseme milimita 15, na waya huo huyeyuka na kusukumwa upya wakati wote. Chuma kilichoko pale sasa si kile kilichokuwapo nukuu moja ya pumzi iliyopita. Mwanafunzi aliyefundishwa kusema ncha atapima mpaka pale chuma kinapokomea. Ndivyo neno linavyomwambia.

Nukta rejea lina sura ya kitaalamu, na wengi wangeliridhia. Kikwazo chake kinaonekana mara mtu anaposimama mbele ya ile meza. Kinachorejelewa hapo ni msumari. Ndio usiosogea, na ndio unaotoa ushahidi. Ukiiita nukta ya zana nukta rejea, msumari utauitaje? Inafaa zaidi jina hilo apewe msumari, ambaye ameshafanya kazi ya kulistahili.

Linabaki pendekezo la nukta kazi. Muundo wake si mgeni: Kiswahili kina nukta mkato na nukta pacha katika uandishi, kama kilivyo na afisa elimu na bwana shamba kwingineko, ambapo nomino ya pili huifafanua ya kwanza bila kiunganishi. Maana yake inalingana na ufafanuzi wa ISO kuliko jina la Kiingereza lenyewe. Aidha inaruhusu wingi wa kweli, kwa kuwa zana moja yaweza kuwa na nukta kazi mbili au tatu kwa matumizi tofauti, jambo ambalo kitovu kingelikataa kwa maumbile yake. Z. N. Tumbo-Masabo na H. J. M. Mwansoko, katika kiongozi chao cha uundaji wa istilahi cha mwaka 1992, waliweka njia na vigezo ambavyo bado vinatumika. Kinachoongezwa hapa ni kwamba kwa dhana isiyoonekana, uwazi wa neno hauna budi kuwa uwazi wa utendaji, si wa umbo.

Kitenzi nacho kina neno lake la kuangaliwa. Wapo watakaosema kurekebisha nukta. Fundi akisikia rekebisha hushika spana. Katika zoezi la msumari hakuna parafujo inayoguswa. Zinazobadilika ni tarakimu tu, na kitenzi kinachofaa ni kubainisha. Tofauti hii ina matokeo. Bunduki ya kuchomelea ikigonga kitu na kupinda, kuna njia mbili: kuirekebisha zana, yaani kuinyoosha kwa kigezo mpaka ilingane na tarakimu za zamani, au kuibainisha upya nukta kazi, ili tarakimu zilingane na zana iliyopinda. Njia zote mbili ni halali, lakini kuzitumia zote kwa pamoja bila mpango, mmoja akinyoosha na mwenzake wa zamu ya usiku akibainisha, ni balaa.

Hapa, huku na humu

Sarufi ya Kiswahili ina msaada wa kutoa ambao Kiingereza hakina. Ngeli za mahali ni tatu: PA kwa mahali mahususi, KU kwa upande au eneo lisilo na mipaka, MU kwa ndani. Mwalimu anayefundisha roboti kwa Kiingereza hutumia muda mwingi kuwaeleza wanafunzi kwamba kujua mahali hakutoshi, kwamba zana mbili zaweza kuwa na nukta pale pale na bado zikatazama pande tofauti. Kwa Kiswahili tofauti hiyo imo katika kiwakilishi: nukta kazi ni hapa, mwelekeo wa zana ni huku, na eneo linalofikiwa na mkono ni humu. Tarakimu tatu za kwanza ni za PA, zinazofuata ni za KU.

Kadhalika lugha ina mifumo miwili ya kutaja pande. Kaskazini na kusini zimetokana na pepo za kaskazi na kusi, nazo hazigeuki mtu anapogeuka. Kulia na kushoto ni za mwili wa msemaji, nazo hugeuka naye. Kidhibiti cha mkononi kina uchaguzi huo huo. Fundi akichagua mfumo wa chumba, kitufe cha mbele humaanisha upande ule ule daima, zana ielekee itakakoelekea. Akichagua mfumo wa zana, mbele ni kule zana inakotazama. Ikiwa imetazama sakafu, mbele ni chini. Mwanafunzi anayesahau uchaguzi wake hubonyeza mbele akitaraji roboti isogee mbali naye, na zana ikazama kwenye meza. Mwalimu akisema mbele ya chumba na mbele ya zana, badala ya mbele tupu, atakuwa amelimaliza jambo kwa maneno mawili ya ziada.

Imebaki hali moja inayolisumbua kila pendekezo. Katika kazi nyingine zana haibebwi na roboti. Bomba la gundi husimamishwa sakafuni, na roboti hukishika kioo cha gari na kukizungusha chini ya bomba. Nukta ya kazi hapo haitembei kabisa. Hubainishwa kwa kurejelea chumba, na kipande ndicho kinachohesabiwa kutoka kwenye bamba la kifundo. Ncha iliyotulia bado yaweza kuitwa ncha, lakini haiko tena kwenye mkono. Nukta rejea ingechanganyika kabisa na msumari. Nukta kazi inabaki kuwa kweli, kwa kuwa kazi inafanyika pale pale, na linalohitajika ni kivumishi cha kuitenga na ile inayobebwa. Nukta kazi tuamizi ni neno zuri kwa sikio, ila mafundi watalikata. Nukta kazi ya nje inatosha kwa sasa, mradi ieleweke kwamba nje hapo ni nje ya mkono, si nje ya kiwanda.